Nyumba ya Waberi na Njia Yake

Siku mliponiaga pale ofisini, na keki yenu ile iliyoyeyuka kabla hotuba haijaisha, nilimsikia mmoja wenu akimnong'oneza mwenzake kwamba Mzee Komora amethamini majengo ya watu maisha yake yote, na sasa amejinunulia nyumba ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeikimbia. Sikukasirika. Masikio yangu bado ni mazima, na mlilosema ni kweli. Nyumba ni nzuri, ploti ni mbaya, na bei niliyotoa iko juu. Ningeletewa faili hiyo mezani ningeandika hivyo hivyo na kutia sahihi. Ila hakuna aliyeniuliza sababu, na siku hizi nina muda mwingi kuliko watu wa kuzungumza nao, kwa hiyo nimeamua kuwaandikia.

Nilifika Garissa nikiwa kijana kutoka Hola, huko chini ya mto. Nilivaa koti na tai, maana chuoni tuliambiwa mthamini ni mtu wa heshima. Mzee Mwakio, Mtaita aliyekuwa mkuu wa ofisi yetu ya vyumba viwili, alitazama jasho linavyonitiririka akaniamuru nivue vyote viwili kabla sijazimia, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa na nyumba tatu za kukagua na yeye hana nguvu za kubeba mtu. Tukaenda kwa miguu. Kwenye nyumba ya kwanza nilitoa futi yangu nikaelekea sebuleni moja kwa moja. Akanishika ukosi, akanigeuza, akaniambia niipe nyumba mgongo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake. Dakika kumi za kwanza mthamini anasimama ameipa nyumba mgongo na kutazama ardhi. Nyumba imepakwa rangi ili ikupendeze, alisema, na ukianza nayo utatafutia ardhi visingizio. Nimeifuata kanuni hiyo mpaka nilipostaafu, na wenye nyumba wengi wamewahi kudhani nimewanunia.

Vingine alinifundisha kidogo kidogo. Kutazama ukuta wa jirani, si wa muuzaji, kwa sababu muuzaji amekwisha kufunika kwa rangi alama ya mahali maji yalipofika mwaka mto ulipofurika, lakini jirani hana haja. Kutazama mathenge, ule mti wa miiba: ukistawi kwenye kona moja ya ploti kuliko kona nyingine, pana maji chini, na mara nyingi maji hayo si safi. Kutazama mbuzi wanalala wapi adhuhuri. Kusubiri mkokoteni wa punda unaoleta maji, kuona kama unafika mlangoni au unaishia barabarani na mitungi kubebwa kwa mikono. Mkokoteni ukifika, njia ipo. Niliyapenda mafunzo hayo kwa sababu hayakuwa kwenye kitabu chochote, na kwa miaka mingi niliamini yananitosha.

Jambo moja nilijifunza bila yeye, na ndilo lililoniponza. Mwaka wangu wa pili nilitumwa kwenye nyumba mbili za ndugu wa tumbo moja waliochangia tangi la maji. Nikauliza, kwa sauti yangu ya chuoni, kama wana karatasi inayoonyesha tangi ni la nani. Mkubwa wao aliweka kikombe chini taratibu.

"Wewe nataka mimi niandikiane na ndugu yangu?" akasema. "Kwani sisi tumekosana?"

Hawakunifukuza. Ila hapakuwa na chai ya pili. Nilirudi ofisini nimenywea. Mzee Mwakio alicheka mpaka akakohoa, akasema huku kumuuliza mtu karatasi baina yake na nduguye ni kumwambia kwamba hana ndugu. Nikaapa sitarudia. Kila mwaka uliopita bila kurudia nilijiona nazidi kuwa mtu wa hapa. Nilijua salamu zote, nilijua nani ni adeer, yaani ami, wa nani, nilijua kunyamaza panapotakiwa.

Lakini mtu wa hapa sikuwa. Kazi yetu haina marafiki, na hilo nawaambia mapema mkiwa bado vijana. Ukialikwa chai, ujue kuna nyumba inayouzwa. Usipoalikwa, ujue kuna nyumba uliyoishusha bei. Mke wangu Mariamu alikuja mara mbili, joto likamshinda, akarudi Hola kwenye minazi yake. Nilikuwa nikipima ghala la mchele nilipopigiwa simu kwamba amefariki. Nilimaliza kuandika vipimo vya ukuta wa mwisho ndipo nikakunja futi, na mpaka leo sijui kwa nini niliumaliza ule ukuta. Binti yetu yuko Mombasa, hunipigia kila Ijumaa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Nimekula kwenye hoteli ile ile, meza ile ile, na mhudumu aliacha zamani kuniuliza nataka nini.

Sasa nyumba ya mtaa wa Waberi.

Mwalimu Halima alikuja ofisini mchana mmoja wa vumbi, na vitabu vya wanafunzi kwapani. Kwao ni upande wa Ijara, na alikuwa akifundisha hapa mjini. Alitaka kumnunulia nyumba mama yake, aliyekuwa bado na mifugo huko kwao Sangailu lakini macho yalikuwa yanaanza kumwacha. Alikuwa ameona nyumba ya mtu aitwaye Dekow, na pesa alizokuwa nazo zilikuwa za kununua mara moja tu maishani. Hakutaka ripoti ya maneno mengi.

"Mzee Komora, niambie tu," alisema. "Bei iko juu ama haiko juu?"

Nikaenda. Nikaipa nyumba mgongo. Ploti ilikuwa mbaya, na hilo niliona kabla ya dakika kumi. Ilikuwa imekatwa nyuma ya ploti ya Gedi, ndugu yake Dekow, ikawa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, jua la alasiri linaipiga uso mzima, na haina upande unaoelekea barabara ambapo mtu angeweza kuweka hata kibanda cha duka. Kuifikia ulipita pembeni mwa ploti ya Gedi, kwenye njia iliyokanyagwa mpaka ikang'aa. Nikasubiri mkokoteni wa maji. Ukaja, punda akapita bila kugusa popote, ukafika mpaka mlangoni. Kisha nikageuka kuitazama nyumba, na nyumba ilikuwa safi kweli: vyumba vitatu, kuta nene, mabati mazito, baraza pana upande wa kivuli.

Nilimuuliza Dekow kuhusu njia. Namkumbuka vizuri alivyonyoosha mkono kuelekea kwa nduguye.

"Hii njia ni ya baba yetu," alisema. "Kila mtu nabita hapa. Gedi anaweza kufungia mimi njia?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza karatasi. Nikalikumbuka tangi, nikakumbuka kikombe kilivyowekwa chini, nikatabasamu kama mtu anayejua mambo. Nilipunguza thamani kwa ajili ya umbo la ploti, nikapunguza kwa ajili ya kukosa barabara mbele, nikalinganisha na nyumba mbili nyingine za Waberi, na hesabu ikaangukia karibu na bei aliyotaka Dekow. Kwa ajili ya njia sikupunguza chochote. Kwenye mstari wa njia niliandika neno moja: Ipo.

Siku ya kuonyeshwa nyumba mama yake Halima alikuja. Alikuwa mrefu, mwembamba, ameshika mkono wa binti yake. Maisha yake yote nyumba yake ilikuwa ya fito na mikeka, ya kufungwa juu ya ngamia na kusimamishwa mahali pengine, na aliisimamisha mwenyewe. Alipapasa ukuta kwa kiganja, muda mrefu, kisha akauliza jambo kwa Kisomali. Nililielewa, lakini Halima alinifasiria kwa adabu.

"Hooyo anauliza, siku yake ikifika, wanaume wataweza kumtoa hapa wakiwa wamembeba? Amekubali kuhamia mjini kwa sharti hilo. Anataka kutoka kwa mlango wa nyumba yake, abebwe vizuri mpaka msikitini. Anasema hajahama mara zote hizo ili mwisho atolewe kama mzigo."

Nilicheka kidogo, kile kicheko cha kumtoa mtu wasiwasi. Nikasema, "Mwambie hooyo, hata mkokoteni wa punda unapita."

Yule mama aliniombea dua. Halima akanunua.

Sikuwaza tena juu ya nyumba ile kwa miaka kadhaa, isipokuwa nilipopita Waberi na kuona nguo zimeanikwa. Dekow alihamia Nairobi kwa wanawe. Gedi alibaki, na watoto wake wa kiume wakakua, wakataka kuoa. Akajenga vyumba vitatu kwa mstari, juu ya ardhi yake mwenyewe, kwenye ile njia. Wala si mtu mbaya. Alimwachia mwalimu mwanya baina ya vyumba na ukuta wa mpaka, wa mtu kupita akiwa na kikapu, na alidhani amefanya hisani, na kwa hesabu ya kwao alikuwa amefanya. Njia ilikuwa ya ndugu yake. Dekow alipouza nyumba, undugu hakuuza. Halima na Gedi hawakuwa hata wa ukoo mmoja. Mkokoteni wa maji ukawa unaishia barabarani, na Halima hakuja kunilalamikia. Nilipata habari kwa mwenye mkokoteni.

Nami sikwenda. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Nilikuwa naona aibu, na aibu ya mtu anayekaa peke yake haina wa kuisukuma.

Yule mama alifariki asubuhi moja, na kwa kuwa kwetu Waislamu maiti hakawizwi, kaka zake Halima waliokuwa na mifugo huko Sangailu wasingewahi. Nilisikia tangazo msikitini nikaenda. Jeneza la msikiti liliingizwa kwenye ule mwanya kwa ubavu, tupu, na hiyo ilikuwa rahisi. Alipokwisha kuoshwa, kukafiniwa na kulazwa ndani, hakuna aliyeweza kulitoa. Jeneza lenye mtu haliwekwi ubavu. Mwanya haukutosha wabebaji wawili sambamba, haukutosha hata mmoja na mbao zile. Watu walijaribu, wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Kisha mtu akasema tupitishe juu ya ukuta, kwenye ua wa Gedi.

Ukuta ulikuwa umemzidi mtu kimo. Ndani tulikuwa wanaume wanne tu wenye nguvu za kunyanyua: walimu wawili wa shule ya Halima, mwenye mkokoteni wa maji, na mimi. Upande wa pili walipanda watu wanne juu ya meza kupokea, Gedi akiwa mmoja wao, machozi yanamtoka, anarudia kusema wallahi hakufikiria. Nilimwamini. Mimi pia sikufikiria, na kwangu kufikiria ndiyo kazi. Tukanyanyua. Jeneza lilipofika juu ya ukuta liliinama upande wa miguu, na nikasikia mwili ukiteleza ndani yake, mchakacho mdogo wa sanda juu ya mbao. Halima alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia pia.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole. Nilikaa mpaka wengine walipoondoka.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ndiye niliyeandika njia ipo."

"Najua, mzee," akasema. "Ndilo neno nililolipia."

Akanimiminia chai. Nilitamani anifokee. Nilikunywa chai ile yote, ikiwa ya moto bado, nikatoka kwa ubavu kwenye mwanya.

Sasa ile fimbo. Mnaijua, inakaa kwenye kona ya kabati la mafaili, na mmekuwa mkiitumia kufungulia dirisha la juu. Niliikata wiki ile. Urefu wake ni upana wa jeneza pamoja na mabega ya wabebaji wawili, mmoja kila upande, na nafasi ya kiganja. Wenye nyumba wakiniuliza nikawa nawaambia ni ya kupimia kama kabati litapita, na nyinyi pia niliwaambia hivyo. Tangu siku hiyo sikuandika tena neno Ipo peke yake. Nilianza kuuliza njia ni ya nani, na siku mmoja wa ndugu akiuza inabaki kwa nani, na nilitaka nijibiwe kwa maandishi. Chai nyingi zilikatishwa. Ofisi ilipoteza wateja wawili niwajuao, na pengine wengine walioishia mlangoni. Nikawa mgeni tena, safari hii kwa kutaka mwenyewe.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza miezi michache nistaafu, Halima alihamishiwa shule ya Ijara, akaamua kuuza. Mmoja wenu alitumwa na mnunuzi kuikagua nyumba. Alikwenda na fimbo, fimbo ikagoma kwenye mwanya, akauliza karatasi ya njia, karatasi hakuna, akaandika bei ishushwe sana. Nilisoma ripoti hiyo mezani kwangu. Ilikuwa ripoti nzuri. Kila sentensi nilikuwa nimeifundisha mimi. Mnunuzi akajitoa, wa pili akajitoa, wa tatu akataja bei ambayo mwalimu asingeweza kununulia hata chumba kimoja Ijara. Niliposema vibaya alipoteza njia, na niliposema sawa alipoteza nyumba.

Nikamwendea nikamwambia nitanunua mimi, kwa bei ile aliyompa Dekow.

Alinigeukia. Nywele zake zilizochungulia pembeni mwa mtandio zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na sikuwa nimeona zilivyoanza.

"Mzee, bei hiyo iko juu," akasema.

"Najua."

"Basi punguza kidogo. Watu watasema nimekudhulumu."

"Siwezi, mwalimu. Mimi ndiye niliyesema haiko juu."

Alipomaliza kufunga mizigo yake, alipapasa ukuta kwa kiganja, pale pale mama yake alipoupapasa, akanipa funguo akaondoka. Tangu afike Ijara amenipigia simu mara moja kunijulisha kwamba bomba la choo linataka kuangaliwa.

Ningeweza kurudi Hola, mtaniambia. Huko ndugu zangu waligawana shamba nikiwa huku, Mariamu hayupo, na watoto wananiamkia kama mgeni wa mwalimu mkuu. Hapa angalau nazijua kuta. Alasiri natoa kiti, naipa nyumba mgongo, natazama ule mwanya. Kwa mtu mmoja unatosha vizuri, hata nikibeba mtungi. Siku nyingi hakuna anayepita ila mimi.

Chumba cha mwanzo upande wa pili wa ukuta anakaa Yunis, mtoto wa Gedi, na mkewe na mtoto mchanga ambaye namjua kwa sauti tu. Gedi ameshakufa, Mungu amrehemu. Yunis ni kijana wa adabu, huniita adeer, na mkewe akipika pilau yeye hunipitishia sahani juu ya ukuta. Wiki iliyopita nikiwa napokea sahani nilimuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kama anakumbuka siku ile ya jeneza. Alisema anakumbuka, alikuwa amesimama juu ya meza karibu na baba yake.

"Na siku yangu ikifika?" nikamuuliza.

Hakushtuka. Aliupima ukuta kwa macho, kama fundi.

"Ubande wetu usijali, adeer. Sisi tuko, tutakubokea fizuri," akasema. Kisha akachungulia upande wangu. "Lakini huko ndani kwako, nani atakunyanyua?"

Nilimrudishia sahani jioni, imeoshwa. Tangu siku hiyo nimelihesabu jambo hilo kwa njia zote ninazozijua. Binti yangu yuko mbali na hanyanyui jeneza. Mzee Mwakio alikwisha kutangulia. Mwenye mkokoteni amehama. Ndani wanatakiwa wanaume wanne, wenye mabega yanayolingana kimo ili lisiiname upande wa miguu.

Pale ofisini mko watano. Njooni siku moja ya Jumamosi, nitapika chai, mje na ile fimbo. Hakuna nyumba inayouzwa.